Pikipiki ya mbio Ufipa: muulize kwanza atakayekaa nyuma

Mwezi Juni na Julai, asubuhi ya Sumbawanga huanza na upepo. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, juu ya uwanda wa Ufipa, Ziwa Tanganyika likiwa chini upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Kabla jua halijapanda, bodaboda wanaosubiri abiria wamevaa makoti mazito. Pikipiki zao zinafanana kama ndugu: Boxer na TVS, keria ya chuma nyuma, ngao mbele, siti ndefu iliyonyooka.

Kijana aliyeajiriwa karibuni huwa na jicho kwa nyingine. Ina tenki lenye mabega, mkia ulioinuka, tairi pana na mkao wa kuinama kidogo. Bajaj Pulsar NS200 na TVS Apache RTR 200 ni za kundi hilo: si pikipiki za mashindano, wala si za kubeba gunia. Ni za katikati. Mwalimu au muuguzi anayelala mjini na kufanya kazi Kaengesa, Mpui au Matai anaipigia hesabu, na nyumbani mjadala unaanza.

Mjadala huo usingekuwepo bila lami. Kutoka Sumbawanga hadi Laela ni kilomita 95 hivi, na ukiendelea hadi Tunduma zinafika kama 223. Upande wa pili kuna barabara ya Matai, inayoshuka hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Ni barabara za kunyooka kwa muda mrefu, mashamba ya mahindi, alizeti na ngano pande zote, kisha ghafla kijiji, matuta, watoto wa shule, ng'ombe.

Kwenye barabara kama hizo, pikipiki ya mbio ina hoja mbili za kweli, na mzazi au mke asizipuuze. Ya kwanza ni nguvu. Katika mwinuko wa Sumbawanga hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake. Boxer ya CC 150 huanza na nguvu ya farasi kama 12. Ikipanda kilima na watu wawili, lori la mahindi mbele, haina akiba. NS200, yenye nguvu ya farasi kama 24, nayo hupoteza, lakini inabaki na za kutosha kulipita lori na kurudi upande wake mapema. Sekunde chache upande usio wako ni hatari ndogo kuliko sekunde nyingi.

Hoja ya pili, na iliyo bora zaidi, ni breki. Diski mbele na nyuma, tairi pana, na kwa matoleo yenye ABS, tairi la mbele halijifungi ukishtuka ukabana kwa nguvu. Pikipiki nyingi za bodaboda bado zina breki za ngoma. Ikiwa kuna sababu moja ya kulipa zaidi, ni hii.

Shida ni kwamba mashine inayosimama vizuri hukualika uende kasi. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva anayechukua sekunde moja kugundua hatari ameshakwenda mita 14 kabla hajagusa breki. Kwa kilomita 100 ni mita 28, na umbali wa kusimama baada ya kubana breki hauwi mara mbili tu bali mara nne. Ng'ombe wa Mpui hajui kwamba umenunua diski.

Halafu kuna baridi. Hewa ikiwa nyuzijoto 10, upepo wa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huufanya mwili uone kama nyuzi 5. Boxer haina kioo cha kuzuia upepo, na hizi nazo kwa kawaida hazina, ila zinakwenda kasi zaidi. Vidole vikifa ganzi, mkono unachelewa kubana breki ile ile uliyoilipia. Glovu nzito na koti lisilopitisha upepo ni sehemu ya breki. Mkao wa kuinama nao una deni lake: uzito huhamia kwenye viganja, shingo inanyanyuliwa, na mwenye mgongo unaouma atalijua hilo kabla ya kufika Laela.

Lakini swali zito liko nyuma ya dereva. Siti ya abiria kwenye pikipiki hizi ni fupi, imeinuka, na mara nyingi haina keria ya kushika wala kufungia mzigo. Mama aliyevaa kitenge hawezi kukaa vizuri bila kutanua miguu, na kukaa upande kwenye siti iliyoinuka ni kuomba kuanguka. Akimbeba mtoto mgongoni, mtoto huyo hana kofia, hana cha kushika, na upepo wote ni wake. Ekzozi nayo iko karibu na ndama ya mguu. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Lami ikiisha, habari hubadilika kabisa. Ukikata kwenda maporomoko ya Kalambo, yenye kina cha zaidi ya mita 200 mpakani mwa Zambia, au ukishuka bondeni kwenye vijiji vya Muze na Mtowisa, tairi pana la lami halishiki matope ya masika, na mashine yenye zaidi ya kilo 150 ni mzigo kuinyanyua ukiwa peke yako. NS200 hupozwa kwa maji. Rejeta ikitobolewa na jiwe, fundi wa kijijini hana la kufanya. Spea za Boxer ziko karibu kila senta. Za hii huenda zikasubiri basi la kutoka Mbeya.

Kwa hiyo, kwa mtu anayepanda peke yake, kazi yake iko kwenye lami na ana leseni ya daraja A, ni chaguo zuri. Kwa familia yenye pikipiki moja ya kupeleka mama kliniki, mahindi mashineni na baba kazini, hapana. CC 150 ya kawaida inatosha, na tofauti ya bei inunue kofia ngumu mbili. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikuta kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Namba hizo ni za aliyeivaa na kuifunga mkanda, si ya kuning'iniza kwenye usukani hadi trafiki aonekane.

Bado mnabishana? Nendeni dukani wawili. Kila mmoja akae mahali pake dakika kumi, kofia kichwani, na mama avae nguo anayovaa siku zote. Dereva aangalie kama nyayo zote mbili zinagusa chini, maana siti ya NS200 ina urefu wa milimita 805. Kisha auliziwe aliye nyuma, kabla pesa haijatoka mfukoni.