Kutoka Milima ya Kapchorwa Hadi Uwanja wa Namboole

Ukitoka mjini Mbale kuelekea kaskazini, mlima Elgon huwa upande wako wa kulia. Barabara hupita tambarare kwa muda, kisha hupanda kwa kona kali hadi Sipi, mahali ambapo maji huporomoka kutoka majabali marefu na kusikika kabla ya kuonekana. Mbele yake ni Kapchorwa, makao ya ndugu zetu Wasabiny, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mgeni akipanda kilima kimoja tu hutweta.

Anayeamka alfajiri huko huwaona wakimbiaji kabla ya kuliona jua. Hupita kwa makundi, wavulana kwa wasichana, kati ya migomba na mibuni. Milima hii ya Sebei ndiyo iliyomtoa Stephen Kiprotich wa Jeshi la Magereza, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini London mwaka 2012. Ndiyo iliyomtoa pia Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki, mjini Tokyo mwaka 2021.

Mwaka 2018 nilifika huko kwa kazi ya serikali, nikapokewa na dada yangu aliyeolewa katika mji huo, ambaye sasa ni mjane. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 19, alikuwa mwanachama wa klabu ndogo ya mbio. Katika mbio za barabarani alikwisha kushinda mbuzi mmoja na mablanketi mawili. Lakini alikuwa akitafuta jambo kubwa zaidi.

“Mjomba,” aliniambia, “nikipata nafasi katika klabu ya polisi, wadogo zangu hawatarudishwa tena nyumbani kwa ajili ya karo.”

Hapana budi nieleze, ndugu msomaji, kwamba mshindi wa barabarani hupimwa kwa wale aliowashinda siku ile. Barabara moja ina vilima, nyingine ni tambarare, basi saa zake hazilingani. Uwanjani kila mzunguko ni mita 400, hapa kwetu na ng’ambo pia. Mbio za mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu, na saa yake inaweza kulinganishwa na ya mtu yeyote duniani. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuchaguliwa hapana budi ashuke mlimani akakimbie uwanjani.

Kijana alisafiri kwa basi hadi Namboole, nje kidogo ya Kampala, akiwa na viatu vya misumari vya kuazima. Nami nilikuwapo. Kocha alikuwa amemwagiza akimbie kila mzunguko kwa sekunde 72. Bunduki ilipolia, alitoka kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 63. Tena alizunguka kona zote kwa njia ya pili, akijaribu kuwapita wenzake. Na akimbiaye hivyo mzunguko mzima huongeza kiasi cha mita 7. Kufikia mzunguko wa sita miguu ilikuwa mizito. Kati ya wakimbiaji 18 alikuwa wa 14, kwa dakika 15 na sekunde 31. Alikaa kwenye majani, akavivua vile viatu vya watu, asiseme neno.

Kocha hakumgombeza. Waliporudi Kapchorwa alipima mita 400 katika kiwanja cha shule kwa kamba, akachomeka vigingi, akasimama na saa mkononi. Kijana alijifunza kuusikia mwendo wake mwenyewe: kutoka polepole, kushika njia ya ndani katika kona, kupita watu mahali paliponyooka, na kuweka akiba hadi kengele ya mzunguko wa mwisho. Baada ya miezi miwili alirudi Namboole, akawa wa tano kwa dakika 14 na sekunde 58. Ofisa wa klabu moja ya majeshi akaandika jina lake. Leo ni askari. Medali ya taifa hajaipata, lakini wadogo zake wawili wamekwisha kumaliza shule.

Tusidhani kuwa mwendo sawa ni kwa wanaoanza tu. Joshua Cheptegei, mwana wa milima hiyo hiyo na mtu wa Polisi, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020, alitumia dakika 12 na sekunde 35.36, yaani kila mzunguko ulikuwa wa sekunde 60 na kidogo tu. Naye marehemu John Akii-Bua, askari polisi, alipangiwa njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote, katika mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972. Alishinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati huo.

Basi, wazazi mlioko kambini, mkiwa na kijana apendaye kukimbia, msingoje uwanja wa fahari. Kamba, vigingi vichache na mtu mwenye saa na subira vinatosha kuanzia. Haraka haraka haina baraka, na mzunguko wa kwanza ndio unaolithibitisha neno hilo.