Usimtupe Paka, Mwanangu

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Habari ya mimba yako imetufurahisha sote. Iliyonikera ni ile ya pili, kwamba majirani wanakushauri umtie paka wako guniani akatupwe sokoni, eti atakuulia mtoto tumboni. Nimefanya kazi ya ukunga mpaka nikastaafu, na sipendi ulale na hofu isiyo na msingi, wala sipendi uishi bila hadhari. Nisome taratibu.

Ugonjwa wenyewe upo. Unaitwa toksoplasmosisi, nao huletwa na kimelea kisichoonekana kwa macho, toksoplasma. Charles Nicolle na Louis Manceaux walikigundua huko Tunis mwaka 1908, ndani ya mnyama mdogo afananaye na panya. Ilipita takriban miaka 60 ndipo wataalamu wakathibitisha kwamba paka na jamaa zake wa mwituni ndio pekee ambao kimelea hiki huzaana ndani ya utumbo wao na kutoa vijiyai.

Paka hukipata akila panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Kisha, kwa wiki 1 hadi 3, hutoa vijiyai kwa mamilioni katika kinyesi chake. Baada ya hapo mwili wake hujijengea kinga, na kwa kawaida hatoi tena. Sasa shika hili, maana majirani zako hawalijui: kinyesi kilichotoka leo hakiambukizi leo. Vijiyai huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo vikomae. Beseni la mchanga ambamo paka hunyea likizolewa kila siku, hatari huondoka kabla haijaiva.

Kumpakata paka wako, basi, hakuna neno. Manyoya yake si njia ya maambukizi, na dini yetu haimhesabu najisi. Mimi naogopa zaidi mchanga. Ukipita vichochoroni hapa kwetu utaona mchanga wa ujenzi umemwagwa mbele ya nyumba. Utazame vizuri: umejaa vishimo vilivyofukuliwa na kufukiwa. Hicho ndicho choo cha paka wa mtaa mzima, na alasiri watoto huutumia kujenga nyumba zao za mchezo, kisha wanalamba vidole. Kwenye udongo wenye unyevu vijiyai huweza kuishi zaidi ya mwaka, na dawa ya klorini haiviui. Ukiwa na mchanga uani, ufunike kwa turubai. Ukipalilia bustani, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni hadi chini ya kucha.

Halafu kuna jikoni, ambako wengi hawakushuku kabisa. Mbuzi na kondoo hula majani na kunywa maji yaliyochafuliwa na kinyesi hicho, na kimelea hujificha ndani ya misuli yao na mara nyingi mnyama haonyeshi dalili. Najua unavyopenda mishkaki. Ukinunua, pasua kipande katikati kabla hujatia mdomoni. Ukiona wekundu, kirudishe makaani. Kibao kilichokatiwa nyama mbichi kisikatiwe kachumbari mpaka kioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na kisu vivyo hivyo. Maziwa ya mbuzi yachemshwe. Mchicha uoshe jani kwa jani, umwage maji, urudie mpaka usione chembe ya mchanga chini ya bakuli. Maji ya kisima yachemke ndiyo unywe.

Kwa nini nakukazania wewe na si dadako? Mtu mwenye afya akiambukizwa mara nyingi hajui hata kama aliugua. Pengine homa kidogo na tezi za shingo kuvimba. Mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ndiye anayeweza kumpitishia mtoto. Miezi ya mwanzo kimelea hakimfikii mtoto kwa urahisi, ila kikimfikia humdhuru vibaya: kichwa kujaa maji, macho kuharibika, mimba kutoka. Aliyekwisha kuambukizwa zamani, kinga yake kwa kawaida humlinda mtoto. Wengine wa kuangaliwa ni wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, kwa sababu kimelea kilicholala mwilini huamka na kushambulia ubongo. Dawa ya septrini wanayopewa kliniki huwakinga na hili pia, kwa hiyo asiiache mtu.

Ufaransa kwa miaka mingi wajawazito wasio na kinga wamekuwa wakipimwa ugonjwa huu kila mwezi. Kwetu kipimo hiki hakimo katika vile vya kawaida vya kliniki, nami naona wajawazito wangestahili angalau kuelezwa kwamba kipo. Wewe kiulizie. Ni cha damu, na kikionyesha maambukizi mapya, dawa zipo. Zianzwe mapema, kwa maelekezo ya daktari.

Paka wako abaki ndani, asiwinde panya, na umpe chakula kilichopikwa. Beseni lake alichukue mumeo kuanzia leo, alizoe kila asubuhi, alisuuze kwa maji yanayochemka. Akisafiri na ukakosa mtu mwingine, vaa glavu, kisha nawa. Mama mkwe wako, kama naye amewasikia majirani, msomee barua hii yote, kwa upole, usije ukaonekana unabishana naye.

Nitakuja Mombasa ukikaribia kujifungua, inshallah. Majibu ya kipimo niandikie mara uyapatapo.

Shangazi yako akupendaye