Nyuma ya Mlango wa Lamu

Basi liliondoka Mombasa alfajiri, likapita Malindi, Garsen na Witu, na alasiri likatushusha Mokowe. Hapo barabara inakoma. Mashua ikatuvusha hadi Lamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuukanyaga mji huo wa kale, uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Karakana ya samani ninayoifanyia kazi ilinituma kuagiza mlango wa nakshi.

Asubuhi yake nilikaa kwa fundi mmoja mzee, nikitazama. Kijana mwanagenzi alikuwa akimalizia mwimo wa mlango wa mteja mwingine. Mbao ilikuwa na ufa mwembamba upande wa nyuma. Akakoroga unga wa mbao na gundi, akaziba, akapiga msasa hadi pakalainika. Mzee alipopita, akapapasa pale kwa kidole gumba, akasimama.

“Mwanangu, hapa pana nini?”

“Ufa, fundi. Lakini upande huu utaingia ukutani. Mteja hatauona.”

“Mteja hauoni. Mola auona.”

Hakumfokea. Mwimo ukawekwa kando, hasara ikawa ya mzee, na kijana akaanza kupima mbao nyingine. Hiyo ndiyo ihsani niliyofundishwa chuoni utotoni: kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona. Sikuwahi kudhani kwamba inafika mpaka kwenye gundi.

Adhuhuri ilipoadhiniwa patasi zililazwa, wote wakaenda msikitini. Baada ya swala wakarudi moja kwa moja, nyundo zikalia tena. Nikamweleza mzee kwamba kwetu robo saa ya swala huzaa saa nzima ya barazani. Akanikumbusha Sura ya Ijumaa: inayoamrisha kuacha biashara kwa ajili ya swala ndiyo hiyohiyo inayosema swala ikiisha watu watawanyike wakatafute fadhila za Mungu.

“Ukimwibia tajiri wako muda kwa jina la swala,” akasema, “umeivunjia swala heshima.”

Lakini hakuwadai vijana wake peke yao. Kabla ya magharibi alimhesabia kila mmoja ujira wake mkononi, kwa kuwa Mtume aliagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Nikawakumbuka vibarua wetu, ambao wamewahi kungoja malipo wiki mbili huku tukiwalaumu kwa uvivu. Niliona haya.

Tunapenda kuwahubiria wafanyakazi kuhusu amana. Amana ina pande mbili: muda na ubora ni deni la mfanyakazi, ujira na heshima ni deni la mwajiri. Ndugu msomaji uliye na watu chini yako, lipa kwanza kwa wakati, ndipo udai juhudi. Nawe uliyeajiriwa, usizibe ufa kwa gundi.