Cherehani Yako Isikungoje Kumi la Mwisho

Msomaji, ukikaa Kibokoni au Ndia Kuu wajua vile hewa ya chumvi inavyokula chuma. Lakini adui mkubwa wa cherehani ni vumbi la nyuzi, hasa kwetu sisi tunaopinda leso za watu. Yangu ni ya miguu, ameniachia mama, na karo ya wanangu wawili imetoka humo.

Toa bobini na kikombe chake. Fungua kibati cha chini ya sindano, kisha kwa mswaki mkuukuu usugue yale meno yanayovuta kitambaa. Utashangaa kinachotoka! Tia tone moja la mafuta katika kila tundu, uzungushe gurudumu kwa mkono, halafu ushone kitambaa kibovu kwanza, leso ya mteja isije ikaingia madoa. Mafuta yawe ya cherehani. Ya nazi huganda ndani (jirani yangu mmoja hakubali hata leo). Mkanda wa ngozi ukilegea, ukate kidogo uufunge tena. Sindano ikiruka mishono, badilisha.

Fanya haya Shaabani. Ramadhani ikifika kumi la mwisho, fundi hana nafasi, na kanzu za Idi ulizopokea zina wenyewe.