Beagle: Ndege Wapo, Wenyeji Je?
Ukijaliwa kufika Ushuaia, kusini kabisa mwa Ajentina, panda mashua uingie mlangobahari wa Beagle. Utawaona simba wa bahari wamejilaza majabalini, na katika kisiwa cha Martillo pengwini wakitembea kama makarani waliochelewa kazini.

Lakini jiulize: nani walivua humu kabla mabaharia wa meli Beagle ya Kiingereza hawajafika mwaka 1830? Ni Wayagani, waliosafiri kwa mitumbwi ya magome, moto ukiwaka ndani. Maradhi ya wageni yaliwafyeka. Wazao wao wapo. Lakini Cristina Calderón, wa mwisho aliyelelewa kwa lugha hiyo, alifariki mwaka 2022.

Pengwini hurudi kila mwaka. Lugha haina msimu. Hurudi ikifundishwa watoto.