Jina Umelificha

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya mama mmoja wa huku kwetu Kigoma aliyekuwa akipigwa na mumewe. Nilifuata yote niliyofundishwa chuoni. Jina nilibadilisha, picha sikuweka. Lakini nilikuwa mwandishi kijana mwenye hamu ya kuandika vizuri, kwa hiyo nikataja kazi yake, mti anaokaa chini yake mchana, na jambo alilosema kuhusu mwezi, maneno mazuri mno, nikayafanya mwanzo wa habari. Mhariri alifurahi.

Gazeti lilifika asubuhi. Hadi jioni mwalo mzima ulishajua ni nani. Si mnaujua mji wetu: ukinunua migebuka Kibirizi asubuhi, kabla ya adhuhuri Mwanga wanajua kama umelipa au umekopa. Mama yule hakusoma gazeti, alisomewa, na aliyemsomea ni shemeji yake. Baada ya wiki alikuja barazani kwetu Ujiji, akamwamkia mama yangu, akakaa. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa bandeji. Akaniambia, "Mdogo wangu, jina umelificha, mimi umeniacha nje."

Maneno hayo hayajanitoka. Yalinirudia kwa nguvu mwaka huu, rafiki yangu aliponitumia video ya watu wakicheza dansi ndani ya Second Life. Kwa asiyeijua, hiyo ni dunia ya kwenye kompyuta iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani. Haina kushinda wala kushindwa. Unaingia, unajitengenezea mwili, unajenga unachotaka, unakutana na watu ambao huenda usiwaone maishani. Dansi yenyewe ilikuwa ya One Billion Rising, vuguvugu lililoanzishwa na mwandishi wa tamthilia Eve Ensler, ambaye siku hizi anajiita V. Tarehe 14 Februari 2013 watu wa nchi nyingi walitoka mitaani kucheza kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Bilioni moja ni hesabu tu: Umoja wa Mataifa unasema mwanamke mmoja kati ya watatu duniani hupigwa au kubakwa maishani mwake. Wakazi wa Second Life nao hawakubaki nyuma. Walijenga jukwaa, wakaweka sanamu na michoro, wakacheza.

Kwa kweli nilicheka. Mwanamke mwenye mabawa anacheza kando ya mtu mwenye mkia wa paka, eti wanapinga kipigo! Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba hapa Tanzania wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walishafanyiwa ukatili wa kimwili. Mabawa yatawasaidia nini? Tena kuingia humo kunataka kompyuta nzuri na intaneti isiyokatika. Mimi niliangalia rekodi tu, kwenye simu, na bando niliongeza mara mbili.

Halafu nikaitazama tena. Yule wa mabawa nilimfuata kwa macho na, kwa mazoea ya kazi, nikaanza kutafuta alama ya kunifikisha kwake. Anakaa wapi? Anafanya kazi gani? Nimpate vipi? Sikupata kitu. Kila kilichoonekana kwake, hadi rangi ya manyoya, alikuwa amekichagua mwenyewe. Yule mama wangu hakuchagua chochote. Mti niliuchagua mimi.

Hapa ndipo panaponiuma, na nadhani panawahusu wengi tunaosoma na kuandika kwenye ukumbi huu. Tunasifu undani. Tunataka kile kitu kidogo kinachomfanya mhusika awe mtu wa kweli machoni petu. Ni kitu kidogo hichohicho kilichomwonyesha shemeji njia.

Kanga ilishaifanya kazi hii zamani sana, kabla ya kompyuta. Unavaa maneno, unapita, atakayeguswa aguswe, nawe ukiulizwa unasema umenunua nguo tu.

Sitaki kuisifu sana dunia hiyo ya kompyuta. Mwaka 1993 Julian Dibbell aliandika katika The Village Voice kuhusu LambdaMOO, dunia iliyojengwa kwa maandishi matupu, ambako mtu mmoja aliwateka wahusika wa wenzake na kusimulia, mbele ya wote waliokuwamo, jinsi wanavyobakwa. Wenye wahusika hao waliumia kwelikweli. Naye alikuwa amejificha. Sura ya kubuni haimbagui anayeivaa.

Lakini vuguvugu hili haliko mbali nasi kama nilivyodhani. Huyo V ni mmoja wa walioanzisha City of Joy, kituo kilichofunguliwa Bukavu mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake walionusurika ukatili wa kijinsia huko Kongo. Bukavu iko kwenye Ziwa Kivu, na maji ya Kivu hutoka kwa mto Ruzizi kuja kuingia Tanganyika. Tunayaoga.

Mwezi uliopita mama yule alipita tena nyumbani. Kazi yake sitaitaja safari hii, wala anakokaa sasa, wala na nani. Ile habari ya mwezi pia nimeiacha, ingawa bado naiona nzuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Nilimwonyesha video. Akaishika simu mbali kidogo na macho, akatazama hadi mwisho, akaniomba nirudie.

"Hawa ni watu kweli?"

"Ndiyo dada, kila mmoja ana mtu nyuma yake, yuko kwake."

"Na waume zao hawawajui?"

"Hapo hawawajui."

Akamtazama tena yule wa mabawa.

"Haya. Wakizima simu?"

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu wakati mama alipotuita ndani tukale.