Kila Nchi na Swali Lake

Mkimbizi ni mtu wa kuulizwa. Umetoka wapi, mko wangapi nyumbani, mnakula mara ngapi kwa siku. Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambini, na mara nyingi ni mimi ninayepita nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi. Nilipoanza kusoma sosholojia kwa vitabu vya kuazima, nikaona kwamba hata Ulaya kila nchi ilikuwa na namna yake ya kumuuliza mtu, na mara nyingi namna hiyo ilitokana na shida yake yenyewe.

Shida ya Uingereza ilikuwa maskini wa mjini. Mwaka 1886 Charles Booth, mfanyabiashara tajiri, alianza kuchunguza umaskini wa London. Alichora ramani, kila mtaa na rangi yake: nyeusi kwa mafukara kabisa, manjano kwa matajiri. Alikuta karibu watu 30 katika kila 100 ni maskini. Hapo ndipo ninapouona ukoo wa dodoso zetu.

Ufaransa iliuliza ni nini kinachowashikanisha watu. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1897, alichukua jambo ambalo kila mtu hudhani ni siri ya mtu mmoja, yaani kujiua, akaonyesha kwa takwimu kwamba linahusiana na jinsi mtu alivyofungamana na familia na jamii yake. Sisi tuliotawanywa tunalijua hilo bila takwimu.

Mjerumani Max Weber naye alisema ukitaka kueleza tendo la mtu, uelewe maana anayolipa yeye mwenyewe. Chukua kijana anayeuza mahindi ya mgao. Kwenye fomu ataandikwa "ameuza chakula." Muulize, atakwambia anamnunulia mdogo wake madaftari. Tendo ni lile lile, lakini sasa umelielewa.

Walionigusa zaidi ni Wapoland. Nchi yao ilikuwa imegawanywa na majirani hadi 1918, na watu wengi walikuwa wanahama kutafuta kazi. Florian Znaniecki alifanya kazi Warsaw katika ofisi ya kuwalinda wahamaji. Pamoja na Mmarekani William Thomas alikusanya barua za wahamaji na familia zao, wakatoa kitabu kikubwa kati ya 1918 na 1920. Mwaka 1921, huko Poznań, akafungua shindano: wafanyakazi waandike maisha yao wenyewe. Yaani anayeulizwa ndiye akashika kalamu.

Sisemi kuhesabu ni kubaya. Bila kuhesabiwa hakuna mgao, kila mama hapa anajua. Lakini tumehesabiwa kwa miaka, na ile njia ya Poland bado haijatufikia vya kutosha.

Kwa hiyo wenzetu wa mashirika, ombi langu ni dogo: mwisho wa dodoso acheni kurasa mbili tupu, na zikishaandikwa, zisomwe kabla ya kupanga mradi. Nanyi vijana wenzangu, msisubiri hizo kurasa. Kwenye kikundi chetu msichana mmoja ameandika kurasa tisa kuhusu foleni ya maji peke yake: nani anamshikia nani nafasi, nani hasalimiani na nani, na kwa nini. Nimepitisha dodoso nyingi za maji, na hakuna hata moja iliyouliza hayo.